Gari lako: kazi za kufanya mwenyewe na kazi za kumpa fundi

Swali la "nimwamini fundi au nifanye mwenyewe?" halijibiki kwa gari zima. Linajibiwa kazi kwa kazi, na kipimo kinachofaa ni hiki: ukikosea, kosa litajionyesha wapi? Ukifunga filta ya oili vibaya, oili itavuja ndani ya dakika mbili, gari likiwa limesimama uani na wewe umeinama unatazama. Ukifunga kalipa ya breki (kile kifaa kinachobana pedi) vibaya, utalijua kosa ukiwa unateremka mlima Kitonga na lori liko mbele yako. Kazi ya kwanza ni yako hata kama hujawahi kushika spana. Ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuifanya mara nyingi, mpaka siku utakapokaa pembeni yake akakufundisha.

Kumpa fundi kazi si kumwachia kila kitu. Unaweza kununua spea mwenyewe, kujua kinachofunguliwa ni nini, na kukagua kabla ya kulipa. Mtu anayemwaga oili ya gari lake kila baada ya miezi michache huwa mteja mgumu kudanganywa, kwa sababu ameshazoea kuliona gari kwa chini na anajua jana palikuwa pakavu.

Vipimo vilivyomo humu ni vya injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5. Ndiyo iliyomo kwenye IST za NCP61 na NCP65, na kwenye Vitz, Raum, Spacio, Probox na Premio nyingi zinazotembea Afrika Mashariki. Kwa injini nyingine utaratibu ni uleule, ila namba zitafute kwenye kitabu cha gari lako.

Vifaa vya kuanzia

Nunua vichache lakini vizima: soketi namba 10, 12, 14, 17 na 21 pamoja na mpini wake na kirefusho, soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira au sumaku ndani, spana ya kukamatia filta, mita ya umeme, beseni la lita tano au zaidi, jeki ya haidroliki ya chini na stendi mbili za tani 2. Kisha spana ya torki, ile inayolia "tak" ikifikia kipimo. Wengi huiona anasa. Lakini silinda hedi ya injini hii, yaani kichwa chake kinachoshika plagi, ni aluminiamu, na nyuzi za aluminiamu zikishaliwa na mkono wenye nguvu, kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kuchonga nyuzi upya kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi za kuokota nati. Sili ya haidroliki haitoi taarifa kabla ya kuachia. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia P au gia ya kwanza, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, inua, kisha ushushe gari juu ya stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa pembezoni mwa bodi. Ua likiwa la mchanga, tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Kabla ya kuingia, litikise gari kwa mikono. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje.

Kumwaga oili

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kujifunza. Unahitaji oili 5W-30 lita 4, filta mpya, na kiringi kipya cha bolti la sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini).

1. Washa injini dakika tatu hadi tano kisha zima. Oili ikiwa vuguvugu hutoka na uchafu wake. Ikiwa ya moto sana itakuunguza mkono.
2. Inua mbele, weka stendi, fungua mfuniko wa oili juu ya injini.
3. Chini, weka beseni na ufungue bolti la sampu kwa namba 14. Mizunguko ya mwisho ifanye kwa vidole huku ukilisukuma bolti kwa ndani, halafu livute kwa ghafla. Acha oili ichuruzike dakika kumi.
4. Futa mdomo wa tundu, weka kiringi kipya, anza kulifunga bolti kwa vidole. Likigoma kwa vidole limeingia upande. Lirudishe uanze upya, usililazimishe kwa spana. Kaza kwa Nm 37 hadi 38 (Nm ndicho kipimo cha kukaza kilichoandikwa kwenye spana ya torki).
5. Fungua filta. Itazame: mpira wake wa duara umetoka nayo au umebaki umenata kwenye injini? Filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, oili yote itamwagika barabarani kwa dakika chache. Kosa hili hutokea hata gereji kubwa.
6. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Filta haihitaji spana wakati wa kufunga.
7. Mimina lita 3.4. Washa injini. Taa nyekundu ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja. Ikiwa inaunguruma, chungulia chini kwenye bolti na filta.
8. Zima, shusha gari, subiri dakika tano, vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu. Jumla pamoja na filta ni lita 3.7, kwa hiyo kwenye galoni ya lita 4 kitabaki kidogo. Usikimimine chote "ili isiharibike". Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Mafundi wengi watakushauri 20W-50 kwa kuwa "injini imezeeka". Kuwa na msimamo hapo. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa kufunguka kwa valvu, inaendeshwa na shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika asubuhi wakati injini inaihitaji zaidi. Injini ikiwa inakula oili, tatizo liko kwenye ringi za pistoni au sili za valvu; oili nzito hupunguza moshi kwa muda na kuliacha tatizo palepale.

Muda: kwa foleni na vumbi letu, kilomita 5,000 ni kipimo cha busara. Ukisikia cheni ikigonga sekunde mbili tatu kila asubuhi unapowasha, shuku filta kabla ya kushuku cheni. Filta feki mara nyingi ina valvu dhaifu ya kuzuia oili isirudi chini, injini ikaanza kavu.

Oili chafu irudishe kwenye madumu yake uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Usiimwage kwenye mtaro wala uani penye kisima.

Plagi, na kujua kama koili imekufa

Plagi ziko nne, na kila moja ina koili yake juu, inayoipa umeme wa cheche. Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa, kwani nyuzi za aluminiamu zikiwa za moto huliwa kirahisi.

Puliza vumbi kuzunguka koili kwanza, la sivyo mchanga utaangukia ndani ya silinda. Chomoa soketi ya umeme ya koili kwa kubonyeza ulimi wake (plastiki ikishakauka kwa joto huvunjika, kwa hiyo taratibu), fungua bolti la namba 10, zungusha koili kidogo na uivute juu. Ingiza soketi ya milimita 16, fungua plagi. Ya kurudisha iteremshe kwa kirefusho bila mpini, uizungushe kwa vidole mpaka ikae, halafu kaza Nm 18. Fanya silinda moja mpaka iishe ndipo uende nyingine.

Plagi za kawaida kama NGK BKR5EYA-11 au Denso K16R-U11 zibadilishe kila kilomita 20,000. Za iridiamu hufika 100,000. Nafasi ya ncha ni milimita 1.1. Plagi zinaghushiwa sana sokoni, kwa hiyo chapa yenye maandishi yanayofutika kwa kidole irudishe dukani.

Isome plagi iliyotoka. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Nyeusi yenye mafuta kwenye ncha ni oili inayoingia ndani ya silinda. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi lakini ncha ni kavu, ni gasketi ya kava la tapeti (mfuniko wa juu ya injini) tu, kazi ndogo na ya bei ndogo. Kuna wateja waliolipia ovahoo kwa sababu ya gasketi hiyo.

Gari likitetemeka na taa ya injini ikawaka, kompyuta ya gari huhifadhi msimbo wa kosa unaosomwa kwa mashine: P0301 maana yake silinda ya kwanza inakosa moto, P0302 ya pili, hadi P0304. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa cheni. Usinunue koili bado. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, ya tatu uilete ya kwanza, futa msimbo, endesha. Msimbo ukihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, hamisha na plagi vilevile. Ukizidi kubaki, tatizo ni nozeli ya petroli au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na hapo ndipo fundi anahitajika. Jaribio hili halina gharama na linaokoa ununuzi wa koili nne kwa kubahatisha.

Tahadhari moja: vile vifaa vidogo vya bluetooth vya kusomea kompyuta ya gari mara nyingi haviongei na Toyota za soko la Japani za miaka ya 2000 mwanzoni. Kikigoma, usidhani kompyuta imekufa. Nenda kwa mwenye mashine kubwa, lipia kusoma tu, na upige picha ya misimbo kwenye skrini.

Betri, filta ya hewa, tairi

Betri: gari likiwa limelala usiku kucha, mita ionyeshe volti 12.6 kwa betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee, alteneta haichaji, na betri mpya utakayouziwa itaisha vilevile. Kufungua, anza na hasi. Kufunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche itakufundisha haraka.

Filta ya hewa ni klipu tu. Itazame kila unapomwaga oili; barabara za vumbi huimaliza mapema. Unaweza kuipuliza kutoka upande msafi kwenda mchafu. Kamwe usiioshe kwa maji.

Tairi: upepo upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Unaponunua, soma namba nne za mwisho za DOT, maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye meno mazuri lakini za miaka kumi ni za kukataa, hata zikiitwa za Japani. Nati za magurudumu kaza kwa msalaba, Nm 103, na urudie baada ya kilomita 100. Vijana wa tairi wenye mashine ya upepo hukaza kupita kiasi, na siku ya pancha njiani hutazifungua kwa spana ya kwenye buti.

Maji ya rejeta

Hapa ndipo gari nyingi za mwambao huharibiwa, na karibu kila mara kwa nia njema. Maji ya kisima ya Dar, Tanga au Mombasa yana chumvi inayokula aluminiamu na kuziba vijia vya rejeta. Tumia kulanti ya pinki ya Toyota iliyokwisha kuchanganywa au ya ubora huo. Ukikwama njiani maji safi ya kunywa yanakubalika, halafu yabadilishe. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto. Chini ya shinikizo maji hayo yamepita nyuzi 100 na yatakurukia usoni.

Tamostati ya injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikikwama imefungwa, gari huchemsha, na mafundi wengi "hutibu" kwa kuitoa kabisa. Gari linaacha kuchemsha kweli. Lakini injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na oili inachafuka mapema. Kama gari lako lina taa ya bluu ya ubaridi na haizimiki baada ya dakika kumi za mwendo, uliza habari za tamostati. Mpya unaweza kuijaribu kabla ya kufungwa: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, lazima ifunguke kabla maji hayajachemka.

Dawa nyingine ya aina hiyo ni feni iliyounganishwa moja kwa moja. Ikizunguka kila unapofungua swichi, AC ikiwa imezimwa na injini baridi, kuna mtu alikwepa kutafuta sensa au rilei mbovu.

Kazi za kumwachia fundi

Breki kagua mwenyewe. Chungulia kupitia rimu au toa gurudumu. Pedi ikibaki milimita 3 panga kubadilisha. Maji ya breki ni ya daraja la DOT 3 na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani na kuchemka mapema kwenye mteremko mrefu. Kufungua na kufunga mwachie fundi, lakini simama pale. Kalipa isining'inizwe kwa hozi yake. Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki, si ya bearingi. Hakuna tone la oili ya injini au ya gia linaloingia kwenye chombo cha maji ya breki, maana huvimbisha mipira yote ya mfumo. Baada ya kufunga pedi, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Mguso wa kwanza wa breki baada ya pedi mpya huwa hauna kitu chini yake.

Gia boksi otomatiki: kazi ya fundi, oili ya kwako. Nyingi za zamani hutumia oili ya Toyota T-IV, na mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yake. Za baadaye hutumia WS. CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia, ina oili yake peke yake. "ATF (oili ya otomatiki) ni ATF tu" ni kauli ya kuondoka nayo gereji hiyo. Mwambie apime kilichotoka kwenye chupa zenye alama na arudishe kiasi kilekile, halafu akague kiwango injini ikiwaka na gia boksi ikiwa ya moto.

Springi za shokapu, gesi ya AC, mifuko ya hewa na betri kubwa ya haibridi usiziguse. Hizo hazikupi nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Kumpata fundi na kufanya naye kazi

Ufundi umegawanyika: fundi injini, fundi umeme, fundi wa miguu, fundi gia boksi, fundi AC. Anayesema anaweza vyote atakupelekea kazi kwa mwingine na kuongeza chake juu. Mjaribu kwa kazi ndogo unayoweza kuikagua, kama gasketi ya kava la tapeti. Tazama kama anafuta mabaki ya gasketi ya zamani, kama bolti anaziweka kwa mpangilio, kama zinarudi zote.

Akikwambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima: "Fundi, umejuaje?" Jibu zuri lina kipimo ndani yake: volti, msimbo, mchezo wa boljointi alioutikisa mbele yako. Jibu la "hizi gari ugonjwa wake ni huo" ni kubahatisha kwa pesa yako.

Tenganisheni bei ya spea na pesa ya ufundi kabla hajafungua kitu, na mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Spea nunua mwenyewe kwa namba ya chesisi, iwe Kariakoo, Ilala au Kirinyaga Road Nairobi. Kifaa cha NCP60 si lazima kiingie NCP61. Lakini msikilize fundi kuhusu duka lenye mali halisi, na akubali kukilinganisha na cha zamani kabla ya kukifunga. Ukimnyima cha juu cha dukani, mlipe ufundi wake vizuri. Fundi mwaminifu anayelipwa kidogo hawezi kudumu kuwa hivyo.

Kabla ya kuacha gari, piga picha ya kilomita, geji ya mafuta, betri, na chumba cha injini. Weka tone la rangi ya kucha kwenye alteneta, koili na vifaa vya thamani. Agiza spea zote zilizotolewa ziwekwe kwenye buti.

Unapolichukua, usilipe kabla ya kufanya haya: fungua boneti, linganisha na picha, tafuta klipu na mabano yaliyoachwa, washa na uangalie taa zote za dashibodi ziwake kisha zizimike (taa ya injini isiyowaka kabisa swichi inapofunguliwa imechomolewa balbu), endesha kilomita tano fundi akiwa pembeni, ukanyage breki kwa nguvu mahali pasipo na magari, rudi, zima, subiri dakika kumi, utazame chini. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na namba ya spea. Usiku huo tandika boksi la karatasi chini ya injini, na asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, pima oili na maji na ulikague boksi kama lina tone.